Mtaro Ulioongezwa kwa Mdomo, na Maswali Mengine ya Saiti

Kwa wanaoisoma safu hii mara ya kwanza: mimi ni mkadiriaji majenzi mstaafu, naishi Nyegezi, Mwanza. Nimefanya kazi upande wa mwajiri, kwenye ofisi ya ujenzi ya halmashauri, kisha nikahamia kwa makandarasi, kwa hiyo uongo wa pande zote mbili naufahamu. Majina ya walioniandikia na ya miradi yao nimeyaondoa. Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kazi imebadilika katikati ya mkataba wa serikali, sasa nani analipa?

Shikamoo mama. Mimi ni mkandarasi wa daraja la VI, nipo Igoma. Nilipata kazi ya halmashauri ya mtaro wa mawe wa mita 640 na makalavati mawili. Tulipokaribia kumaliza, diwani alikuja saiti pamoja na mhandisi na mwenyekiti wa mtaa. Diwani akasema mtaro ukiishia pale maji yote yataingia sokoni, tuusogeze mpaka barabara kubwa. Mhandisi akaitikia: "Endelea, makaratasi yatafuata." Nimejenga mita 85 za ziada kwa fedha yangu. Kwenye hati ya malipo ya tatu mita hizo zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Mhandisi yule amehamishwa na simu hapokei. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na makaratasi ya "yatafuata" nayafahamu. Mengi yako njiani tangu enzi za ujana wangu.

Tuwaangalie waliosimama pale saiti. Diwani ana sauti kwenye baraza na kwa wapiga kura wake, lakini kwenye mkataba wako hana hata mstari mmoja. Mwenyekiti wa mtaa vivyo hivyo. Mkataba ni kati yako na mwajiri, na kwa halmashauri anayesimama kama Afisa Masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha, ni Mkurugenzi. Anabaki mhandisi. Huyu inabidi umsome kwenye Masharti Maalumu ya Mkataba: je, cheo chake ndicho kilichotajwa kuwa meneja mradi, au alikuwa anamwakilisha tu meneja mradi kwenye ukaguzi? Nimeona kesi zikifa kwa sababu hiyo peke yake. Mkandarasi ameshika maneno ya kijana aliyetumwa kupima kina cha mtaro, akidhani ameongea na mwenye mamlaka.

Hata kama ndiye meneja mradi kamili, agizo linaloongeza bei halisimami kwa kichwa chake peke yake. Taasisi inatakiwa iidhinishe mabadiliko na ithibitishe kwamba fedha ipo, kabla wewe hujapanga jiwe la kwanza. Hayo hayakuanza na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 na kanuni zake za 2024. Yalikuwepo na kwenye sheria ya 2011 iliyofutwa. Kwa hiyo aliyekata mita zako kwa kalamu nyekundu huenda hana ubaya na wewe. Anaogopa mkaguzi wa hesabu, na ana haki ya kuogopa.

Sasa chukua hiyo hati ya malipo uisome vizuri pembeni ya mkato. Kama wameandika "haijapimwa", mlango uko wazi: omba vipimo vya pamoja. Kama wameandika "nje ya mkataba", ugomvi wako si wa vipimo tena, ni wa agizo. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakapeleka picha za mtaro kwa mtu anayeuliza barua iko wapi.

Mwandikie meneja mradi wa sasa, nakala kwa Mkurugenzi. Taja tarehe, saa, waliokuwepo na maneno yaliyosemwa. Omba mpime mita hizo pamoja, na karatasi ya vipimo isainiwe na pande zote. Tumia bei zilezile za kwenye BOQ (ile orodha ya kazi, vipimo na bei zake iliyo kwenye mkataba), mstari kwa mstari: kuchimba, kupanga mawe, chokaa ya saruji, kujazia. Usithubutu kuleta bei mpya kwa sababu saruji imepanda. Ukifanya hivyo unawapa sababu ya pili ya kukukatalia. Halafu tafuta muhtasari wa kikao cha saiti kilichofuata baada ya ile ziara. Hapo ndipo penye dhahabu yako. Kama kuna sentensi hata moja inayosema "mtaro wa nyongeza umefika asilimia 40" na meneja mradi kausaini, hawawezi kudai kwamba hawakujua. Daftari la saiti la mkaguzi wao nalo linasaidia, maana aliandika idadi ya mafundi na mahali walipokuwa kila siku.

Wakikataa kwa maandishi, hesabu siku. Mikataba mingi ya kazi ndogo inakupa siku 14 tangu ujulishwe uamuzi wa meneja mradi kuupeleka kwa mwamuzi aliyetajwa kwenye mkataba. Ukikaa kimya mwezi mzima ukisubiri mhandisi wako arudi kutoka alikohamishiwa, umejifungia mwenyewe. Sitakudanganya kwamba utalipwa zote. Lakini mtaro upo, maji yanapita, soko halijafurika, na halmashauri inautumia. Hilo lina uzito ukiliandika kwa adabu.

Kwa kazi ijayo, jioni ileile ya maelekezo, kabla hujanawa mikono, andika hivi:

"Rejea maelekezo uliyotoa leo saiti, mbele ya (wataje), kwamba mtaro uendelee kutoka kipimo 0+640 hadi 0+725. Naomba agizo la maandishi pamoja na uthibitisho wa fedha. Sehemu hiyo sitaianza hadi nipate agizo. Kazi nyingine zote zinaendelea."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo watasema umegoma. Kwenye mikataba mikubwa ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999, kuna kifungu kizuri: mkandarasi akithibitisha kwa maandishi agizo la mdomo ndani ya siku mbili za kazi, na mhandisi naye akanyamaza siku mbili za kazi baada ya kupokea, barua ya mkandarasi inageuka kuwa agizo lenyewe. Mtaro wa Igoma haujengwi kwa FIDIC, najua, ila tabia ni ileile. Na kama maelekezo yamekuja kwa WhatsApp, yachapishe uyaambatanishe kwenye barua. Usiyategemee peke yake, kwa sababu kifungu cha mawasiliano kwa kawaida kinataja anuani, na namba ya simu ya mtu binafsi si anuani ya mwajiri.

Mama, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa saiti, tunajenga zahanati upande wa Mkolani. Mkataba ni shilingi milioni 210. BOQ ina mita za ujazo 12 tu za mwamba mgumu kwa shilingi 85,000 kila moja. Sisi tumetoa 47. Mkaguzi anasema ile ni moramu ngumu, si mwamba, na sisi tumeshaupasua wote kwa moto na nyundo.

Mchoraji anayeweka mita 12 za mwamba kwenye msingi wa Mwanza ama hajawahi kufika hapa, au alifika usiku. Jiji lenyewe linaitwa la miamba. Lakini tuje kwako.

Hizo 47 umezipataje? Kama ulihesabu tripu za tipa zilizobeba mawe kwenda kutupwa, jiandae kukatwa. Mwamba ukivunjwa huvimba; ujazo wa lundo unaweza kuzidi ule wa shimoni kwa nusu au zaidi. Mkataba unalipa mwamba kama ulivyokuwa ardhini, tena kwa upana wa msingi ulio kwenye mchoro, si kwa upana wa pale nyundo ilipopitiliza. Kwa makadirio ya haraka, 47 za lundo zinaweza kuwa kama 31 za ardhini. Kama 47 ni za shimo, zilizopimwa kwa levo (vipimo vya kimo cha ardhi) kabla na baada, hiyo ni habari nyingine.

Tofauti hiyo inagusa na bei. Mikataba mingi midogo inasema hivi: kiasi cha mwisho kikitofautiana na cha BOQ kwa zaidi ya asilimia 25, na mabadiliko hayo yakazidi asilimia 1 ya bei ya awali ya mkataba, meneja mradi atarekebisha bei ya kipengele hicho. Asilimia 1 yako ni milioni 2.1. Kwa mita 47, ziada ni 35, sawa na shilingi 2,975,000: umevuka. Kwa mita 31, ziada ni 19, sawa na 1,615,000: hujavuka, unalipwa kiasi chote ulichofanya lakini kwa 85,000 ileile. Na usifurahie mapema kuvuka. Neno ni "kurekebisha", si "kupandisha". Nimeona bei ya mwamba ikishushwa kwa hoja kwamba kompresa ilishaletwa saiti na gharama ya kuileta sasa imegawanywa kwenye mita nyingi zaidi. Wewe umetumia moto na nyundo, kwa hiyo andaa mchanganuo wa vibarua na kuni zako kabla hawajakutungia wa kwao.

Kuhusu moramu: rudi kwenye vipimo vya kiufundi vya mkataba, tafuta maana ya mwamba iliyoandikwa humo. Kwa kawaida ni kile kisichotoka bila baruti, kompresa, au kabari na nyundo nzito. Sururu ikikitoa, mkaguzi yuko sahihi. Bado una kuta za msingi ambazo hazijafunikwa? Acha kumwaga zege upande huo. Mwite mkaguzi na mhandisi waone mwamba ulivyokatwa kwenye kuta, mpime, msaini. Mawe ya lundo usiyauze bado.

Serikali kuu ya Marekani ina kifungu cha hali ya ardhi iliyotofautiana na ile ya kwenye mkataba, na kinamtaka mkandarasi atoe taarifa ya maandishi haraka, kabla hali hiyo haijavurugwa. Maneno hayo manne ya mwisho ningetaka yabandikwe kwenye kila stoo ya saruji hapa Mwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwamba uliokwisha kupasuka hauna daftari lingine zaidi ya picha na levo za jana yake.

Bi mkubwa, sisi tuko Sengerema, tunajenga mwalo (mahali pa kushushia samaki) na banda la kuanikia dagaa kwa mkataba wa milioni 480. Maji ya ziwa yalipanda yakafunika msingi, kazi ikasimama karibu wiki tano. Tuliomba muda wa nyongeza tukajibiwa "mvua si sababu". Sasa tarehe imepita na wanatukata fidia ya ucheleweshaji kila siku.

Barua yenu ya maombi mmeniambatanishia, na shida iko kwenye mstari wake wa kwanza: "kutokana na mvua zinazoendelea kunyesha". Mmejichongea. Mvua ya Novemba au ya Aprili kila mkandarasi wa Kanda ya Ziwa anaijua na anatakiwa aiweke kwenye ratiba yake. Jibu la "mvua si sababu" lilikuwa jibu sahihi kwa ombi baya.

Kilichowasimamisha ni ziwa. Ziwa halipandi kwa mvua ya Sengerema peke yake; linapokea maji ya mito kutoka nchi kadhaa, na linaweza kuendelea kuwa juu huku kwenu jua linawaka. Mwaka 2020 na tena 2024 lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba na miundombinu ya ufukweni, kila mtu wa mwaloni anakumbuka. Watawaambia: basi mlijua. Jibu lenu: kimo cha msingi tulikikuta kwenye mchoro, na mchoro ni wa mwajiri. Kama mchoraji aliweka msingi chini ya kimo ambacho maji yalishafika miaka ya karibuni, hilo si la mkandarasi. Andikeni upya kwa hoja hiyo, mkiambatanisha vipimo vya kimo cha maji, picha zenye tarehe, na ratiba inayoonyesha kazi ipi ilisimama. Wataangalia kama mabati na vyuma vya banda vilikuwa vinaendelea kuchomelewa karakana wakati huo. Kama viliendelea, semeni ukweli. Mnachodai ni kazi ambazo lazima zisubiri msingi.

Hesabu ya makato ni hii: kama mkataba wenu una kiwango cha asilimia 0.1 kwa siku, ni shilingi 480,000 kila siku, Jumapili ikiwemo. Ukomo ukiwa asilimia 10, ni milioni 48, na mnaufikia siku ya 100. Ukomo ukishafikiwa, mwajiri kwa kawaida anapata sababu ya kuvunja mkataba. Msikae mkilalamika kwenye vijiwe.

Muda na fedha ni maombi mawili. Muda ukikubaliwa makato yanasimama. Gharama ya kijiko (mashine ya kuchimbia) kilichokaa bila kazi ni dai jingine lenye kifungu chake. Wengi huandika yote kwenye aya moja, wakakataliwa yote.

Na ombi dogo kwenu watu wa Sengerema: foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi msiiandike tena. Daraja la JPM, lenye kilomita 3, limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Wa Ukerewe wanaovushia saruji Rugezi na Kisorya bado wana hoja, mradi wawe na risiti za kivuko na si hadithi.

Mwalimu mkuu, Magu: Kamati yetu inajenga madarasa mawili kwa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa na kuajiri mafundi wenyewe bila mkandarasi. Tumepata dari kwa bei nzuri, fedha imebaki. Tunataka tuweke vigae badala ya sakafu ya saruji. Kuna ubaya?

Upo, mwalimu, mkiamua wenyewe. Kamati inasimamia fedha, haiimiliki. Ramani na makadirio mmepewa, na kubadili sakafu ni kubadili vyote viwili. Kaeni kikao, muhtasari useme fedha iliyobaki ni kiasi gani na imebakije, mwandikieni Mkurugenzi, mhandisi wa halmashauri atoe maoni yake, msubiri jibu. Kama mngeniuliza mimi nichague, ningeweka mifereji ya kuvuna maji ya paa na tenki kabla ya vigae. Vigae vya darasa la watoto tisini ni biashara ya muuza vigae.

Shikamoo mama. Tunaponda kokoto Buhongwa, akina mama watupu. Tulimuuzia mkandarasi wa barabara ya serikali kokoto za milioni 3.4. Anasema halmashauri haijamlipa. Tunaweza kwenda kudai halmashauri?

Marahaba, wanangu. Kwenda mnaweza, kulipwa huko hamtalipwa. Halmashauri haina mkataba na ninyi. Ile dhamana ya utendaji mnayosikia mkandarasi ameiweka benki inamlinda mwajiri kazi ikiharibika. Muuza kokoto hayumo. Marekani walilitengenezea sheria tangu 1935: kwenye kazi za ujenzi za serikali kuu mkandarasi huweka dhamana ya pili, ya kuwalipa wauzaji na vibarua. Ningependa kuiona hapa kabla sijafa.

Hata hivyo, msikubali hadithi ya "sijalipwa" bila kuuliza. Muulizeni hati yake ya malipo iko hatua gani: imesainiwa na meneja mradi, au bado iko kwake nyumbani haijaandaliwa? Mikataba mingi midogo inampa mwajiri siku 28 tangu hati ithibitishwe. Mkandarasi ambaye hajapeleka hati hadai mtu, anawazungusha. Mnaweza pia kumwandikia meneja mradi barua ya heshima kumjulisha. Hana wajibu wa kuwalipa, ila hakuna mkandarasi anayependa jina lake lisomwe kwenye kikao cha saiti kwa deni la akina mama.

Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo inapokea deni la kiasi hicho na hamhitaji wakili. Mtakachohitaji ni karatasi za kupokelea mzigo. Mmeniandikia kwamba dereva wa tipa ndiye aliyekuwa anasaini. Dereva wa kukodi kesho yuko Geita. Kuanzia tripu inayofuata asaini mtunza stoo wa saiti, aandike namba ya gari, ukubwa wa kokoto, ujazo na tarehe, na nakala moja ibaki kwenu kabla tipa halijafungua mlango wa nyuma.